Kinyonga: Mnyama Mdogo, Gharama Kubwa

Mkulima amwonapo kinyonga juu ya mti, mara nyingi hufanya moja katika mambo mawili. Ama humpiga kwa fimbo kwa sababu ya hofu, ama huwaacha watoto wamchukue na kumfunga uzi mguuni. Lakini siku hizi limezuka jambo la tatu, nalo ni kumtazama kinyonga kama mali. Habari zimeenea kwamba katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wanaolipa fedha nyingi ili wafuge vinyonga nyumbani, hasa wale wasioonekana kila mahali. Basi mtu hujiuliza, "Ikiwa mnyama huyu hupatikana bure kichakani, kwa nini nisimfuge, au nisimwuze?"

Swali hilo si la upuzi, wala halitaki kukaripiwa. Lataka kujibiwa kwa hesabu. Wakulima wa mashamba ya kumwagilia maji ya Katilu na kandokando ya mto Turkwel, pamoja na jamaa wanaolima bustani Kakuma na Kalobeyei, wamezoea kupiga hesabu kabla ya kununua mbegu au mbuzi. Kwa kinyonga na tufanye vivyo hivyo. Tutazame ataka nini, maradhi yake ni yapi, na sheria yasema nini, na mwisho jibu litajionyesha lenyewe.

MNYAMA ASIYE NA SUMU

Kwanza tuondoe hofu. Kinyonga hana sumu, wala mate yake hayamdhuru mtu. Hadithi ya kinyonga aliyetumwa kupeleka habari njema ya uzima, akachelewa njiani, inasimuliwa na makabila mengi ya Afrika, na huenda chuki ya watu juu yake imetoka huko. Lakini yeye ni mjusi tu wa namna yake. Duniani kuna aina zaidi ya 200 za vinyonga, na wengi sana kati yao ni wa kisiwa cha Madagaska. Macho yake mawili huweza kutazama kila moja upande wake, na ulimi wake ukirushwa huweza kuzidi urefu wa mwili wake.

Watu husema kwamba hubadili rangi ili afanane na jani analokanyaga. Hiyo si kweli yote. Mara nyingi hubadili rangi kwa sababu ya hasira, hofu, joto au baridi, au kwa kuwa amemwona kinyonga mwenziwe. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, walieleza kwamba ndani ya ngozi yake mna chembe ndogo mno mfano wa vioo. Nafasi kati ya chembe hizo ikiongezeka au ikipungua, nuru inayorudi machoni petu huwa ya rangi nyingine. Jambo hili lamhusu sana mfugaji, kwa maana rangi ndiyo lugha ya kinyonga. Asubuhi akiwa mweusi anaota jua, na hilo si kosa. Lakini akiwa mweusi mchana kutwa, hana raha, au ni mgonjwa.

KWA NINI WENGINE NI ADIMU

Kenya ina vinyonga wa aina nyingi. Anayejulikana zaidi ni yule mwenye pembe tatu, aitwaye kinyonga wa Jackson, kwa jina la Frederick Jackson aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni. Huyu hukaa katika nchi za juu, kama vile upande wa Mlima Kenya na Nairobi. Mwingine ni kinyonga wa Höhnel. Jina hilo ni la Ludwig von Höhnel, mwanamaji wa Austria aliyefika kwenye Ziwa Turkana pamoja na Teleki mwaka 1888. Jina lake latukumbusha ziwa letu, lakini mnyama mwenyewe ni wa nyanda za juu zenye baridi, kama zile za Aberdare.

Wako na wengine walio adimu kuliko hao. Upande wa mashariki wa Ziwa Turkana uko Mlima Kulal, na huko hukaa kinyonga ambaye wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 2003, wakamwita Trioceros narraioca. Kusini ya ziwa, katika Mlima Nyiru, yuko mwingine aliyeandikwa mwaka 2005 kwa jina la Trioceros ntunte. Mlima Marsabit nao una wake, aliyeandikwa mwaka 1991.

Mtu wa Lodwar akitazama ramani aweza kusema, "Hawa ni majirani zetu, basi watakaa vizuri kwetu." Asidanganyike. Milima hii ni kama visiwa vya baridi na ukungu vilivyozungukwa na nchi kavu yenye joto. Kinyonga hawezi kuteremka na kuvuka nchi hiyo ili ahamie mlima mwingine. Kwa hiyo, kwa muda mrefu mno, kila mlima umekuwa na kinyonga wake peke yake, aliyezoea baridi na unyevu wa mlima huo tu. Hiyo ndiyo sababu ya kuwa adimu, na hiyo hiyo ndiyo sababu ya kuwa mgumu kufugwa. Kadiri alivyo adimu, ndivyo asivyoweza kuhama.

ULAYA HUNUNUA JOTO, LODWAR ITABIDI KUNUNUA BARIDI

Kinyonga wa milimani apenda mchana wa nyuzi 20 hadi 27 za Selsiasi, na usiku ulio baridi zaidi, kama nyuzi 15 au chini yake. Baridi hiyo ya usiku si anasa kwake. Ndiyo inayompumzisha mwili, na akiikosa kwa majuma mengi hudhoofika hata kama anakula.

Sasa tutazame kwetu. Lodwar iko karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Mchana joto hufika nyuzi 35 na kuzidi, na usiku huwa karibu nyuzi 24. Mvua ya mwaka mzima ni karibu milimita 200. Maana yake ni kwamba usiku wa Lodwar kwa kinyonga wa milimani ni kama adhuhuri ya kwao, na adhuhuri ya Lodwar ni tanuri. Kakuma hali ni hiyo hiyo.

Huko Ulaya mfugaji hununua taa ya joto, na taa nyingine ya kutoa ile mionzi ya jua inayosaidia mifupa. Taa hii ya pili yataka kubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12 hata kama ingali inawaka, kwa sababu nguvu ya mionzi huisha kabla ya mwanga. Sisi jua tunalo bure, nalo ni zuri kuliko taa yoyote. Lakini baridi hatunayo, na baridi ndiyo bidhaa iliyo ghali kuliko joto. Mtu akitaka chumba cha nyuzi 25 mchana na 15 usiku Lodwar, hapana budi awe na mtambo wa kupoza hewa na umeme usiokatika. Magunia yaliyoloweshwa hupunguza joto kidogo, lakini hayo nayo hunywa maji mchana kutwa.

Kabla ya hayo kuna safari. Kutoka Kitale hadi Lodwar ni kama kilomita 300, na kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama 120 zaidi. Kinyonga aliyefungiwa ndani ya katoni juu ya lori, kupitia Marich na Lokichar jua likiwa utosini, huenda akafika maiti.

NYUMBA YAKE

Haifai kumweka kinyonga katika sanduku la kioo juani. Kioo huzuia ile mionzi inayofaa, na huzidisha joto. Ataka tundu lililo wazi kwa wavu laini pande zote, lenye kimo cha mita moja au zaidi, kwa kuwa yeye hupenda kupanda juu. Ndani mnatakiwa matawi ya kukanyaga na majani mabichi ya kujificha. Upande mmoja uwe na jua, na mwingine uwe na kivuli kila saa. Tundu likisahauliwa juani bila kivuli kwa muda mfupi tu, kazi yote imepotea.

Tena kila mmoja ataka tundu lake. Madume wawili hupigana, na hata wasipogusana, kule kuonana tu kwawatia hofu na kuwazuia wasile. Kwa hiyo anayepanga kufuga watano apange matundu matano, yasiyotazamana. Wala kinyonga hapendi kushikwashikwa. Mbuzi humzoea mchungaji wake, lakini kinyonga huvumilia tu, na kuvumilia huko humla afya.

HESABU YA MAJI

Vinyonga walio wengi hawanywi maji yaliyotuama katika sahani. Hulamba matone yaliyo juu ya majani. Kwa hiyo mfugaji hana budi kunyunyiza majani maji safi mara mbili au tatu kila siku, tena kwa dakika kadhaa, mpaka mnyama anywe.

Tuseme kwamba kunyunyiza huko kwatumia lita 2 kwa siku. Kwa siku 30 ni lita 60, yaani mitungi mitatu ya lita 20 kwa mwezi, kwa kinyonga mmoja. Kwa vinyonga watano ni mitungi kumi na mitano. Na hapa hatujahesabu maji ya kulowesha magunia. Pale ambapo jamaa hupanga mitungi bombani, au hununua maji kwa fedha, mtungi mmoja ni uji wa watoto na ni miche ya sukuma wiki. Kila mmoja apige hesabu ya bei ya mtungi mahali alipo, aone ni shilingi ngapi zitakazokauka juu ya majani.

HESABU YA CHAKULA

Kinyonga hula wadudu walio hai. Mdudu aliyekufa hamtambui kuwa ni chakula. Tuseme mkubwa mmoja apewe panzi 6 kwa siku. Kwa mwezi ni panzi 180. Wakati wa mvua watoto watawakamata kwa kicheko, lakini wakati wa kiangazi, nchi ikiwa imekauka, panzi 6 huenda wakataka nusu saa ya kutafuta. Nusu saa kwa siku ni saa 15 kwa mwezi, nazo ni karibu siku mbili za kazi ya shamba.

Tena si kila mdudu afaa. Wale waliotoka katika shamba lililopigwa dawa ni sumu kwake. Na aina moja tu ya mdudu kila siku haitoshi. Wafugaji wa nchi za nje huzalisha wadudu wao wenyewe, huwalisha majani mabichi, na huwapaka unga wa chokaa maalumu ya lishe kabla ya kumpa kinyonga, ili apate mifupa yenye nguvu. Yaani anayefuga kinyonga kwa kweli hufuga mifugo miwili: kinyonga, na wadudu wa kumlisha.

Na akizaa? Kinyonga wa Jackson hatagi mayai bali huzaa watoto wazima, mara nyingi zaidi ya kumi kwa mara moja. Tuseme wamezaliwa 20, na kila mmoja ataka vidudu vidogo 10 kwa siku. Hao ni vidudu 200 kila siku, tena viwe vidogo kama wale nzi wa matunda. Aina nyingine hutaga mayai, na jike asipopata udongo laini wenye unyevu wa kuchimba, mayai humkwama tumboni na kumwua.

MARADHI

Kinyonga huficha ugonjwa wake. Dalili ionekanapo, mara nyingi amekwisha kuumwa siku nyingi. Macho yaliyozama ndani yaonyesha kiu. Kulala mchana macho yamefumba ni dalili mbaya. Kupanua kinywa huku akihema kwaonyesha joto limemzidi au mapafu yana ugonjwa. Taya lililolegea na miguu iliyopinda yaonyesha mifupa imekosa jua na chokaa, kama matege ya mtoto, na mifupa iliyopinda hainyooki tena.

Je, tumpeleke kwa nani? Madaktari wetu wa mifugo wana kazi ya mbuzi, kondoo, ng'ombe, ngamia na punda, na wakati wa chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo hawana hata nafasi ya kukaa. Hata katika miji mikubwa ya dunia si kila daktari wa wanyama ajuaye kumtibu kinyonga. Gharama ya dawa kwake si dawa yenyewe tu, bali ni kumpata mwenye ujuzi.

Wahenga walisema: Usione vyaelea, vimeundwa. Bei kubwa tunayoisikia ya kinyonga wa Ulaya ndani yake mna taa, umeme, matundu, wadudu, daktari, na wale wengi waliokufa kabla mmoja hajauzwa.

SHERIA

Hapa ndipo pa kuangalia zaidi. Kinyonga ni mnyama wa porini, na kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haruhusiwi mtu kumkamata, kumfuga wala kumwuza bila kibali. Habari za vibali huulizwa kwa KWS, yaani Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya. Biashara yake ya kuvuka mipaka pia inaangaliwa na mkataba wa mataifa uitwao CITES. Kwa kinyonga wa Jackson, Kenya ilikwisha kufunga mlango wa kuwapeleka nje waliokamatwa porini tangu mwaka 1981.

Asiseme mtu, "Ni kijidudu tu, nani atanishtaki?" Mwezi wa Mei 2025 mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, iliwahukumu watu wanne kwa kosa la kuwa na sisimizi hai bila kibali. Wawili wao walikuwa vijana wa Ubelgiji waliokutwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000 ndani ya vichupa. Mmoja katika wale wanne alikuwa Mkenya. Kila mmoja aliamriwa kulipa faini ya Sh. 1,000,000 au kwenda jela miezi 12. Ikiwa sisimizi walileta hukumu hiyo, kinyonga je?

Basi ikiwa mtu mgeni atafika shambani na kuahidi fedha kwa kila kinyonga, mkulima ajue hesabu ilivyo. Mgeni atalipa kidogo, atauza kwa bei kubwa mbali, na ikitokea shida njiani, mwenye shamba anajulikana anapokaa. Milioni moja ni mbuzi wangapi? Na wahenga walisema: Mchuma janga hula na wa kwao.

YALIYOTOKEA HAWAII

Mwaka 1972 vinyonga wa Jackson kutoka Kenya walipelekwa katika visiwa vya Hawaii kwa mwenye duka la kuuza wanyama. Walifika wamechoka kwa safari, akawaachilia katika bustani yake ili wapate nguvu. Wakaenda zao. Milima ya Hawaii ina mvua na ubaridi kama kwao, kwa hiyo waliongezeka na kuenea katika visiwa kadhaa, wakala wadudu na konokono wasiopatikana mahali pengine duniani. Mpaka leo serikali ya huko yahangaika nao.

Hapa pana mafunzo mawili. Mnyama akipelekwa mahali pasipomfaa, hufa yeye. Akipelekwa mahali panapomfaa pasipo kwao, hufa wengine.

AACHWE AFANYE KAZI BILA MSHAHARA

Je, kinyonga hana faida kwa mkulima? Anayo, ila si ndani ya tundu. Akiwa huru juu ya ua wa shamba au mti wa kando ya mfereji, hujitafutia nzi, panzi na viwavi, hunywa umande, hujitafutia kivuli, wala hadai hata tone moja la mtungi wetu. Tusimsifu kupita kiasi. Yeye peke yake hakuweza kuwazuia nzige walioingia Turkana mwaka 2020, wala hawezi kumaliza viwavijeshi katika mahindi. Lakini ni kibarua asiyelipwa, na kumwua ni hasara.

Kwa hiyo wakulima wafanye hivi. Wasimpige wala kumfunga uzi. Waache ua wenye majani mahali fulani shambani. Wapulizapo dawa, wapulizie penye wadudu waharibifu tu. Kama yuko mtu aliyekwisha kumleta kinyonga wa milimani hapa kwetu, asimwachilie kichakani, bali awapashe habari watu wa KWS ili washauri la kufanya. Na walimu wa shule zetu wawaruhusu watoto kumtazama mtini kwa umbali wa hatua mbili, waandike katika daftari rangi yake asubuhi na adhuhuri, na idadi ya wadudu aliowakamata kwa nusu saa. Somo hilo halina gharama, na mwisho wa somo kinyonga yungali hai.

Yule mwenye fedha kidogo anayetaka mnyama wa kumletea faida, aulize habari za kuku, mbuzi wa maziwa au mizinga ya nyuki katika ofisi ya kilimo na mifugo iliyo karibu naye. Maji ya mitungi mitatu kwa mwezi yataonekana huko katika yai na katika kikombe cha chai.